Taa za mbele hafifu kwenye gari ya zamani, tupeane uzoefu wewe ulizitibuje?

Wakuu habari za jioni. Naendesha Corolla 110, mkono wa tatu, injini haina neno ila usiku naendesha kwa imani tu. Juzi natoka Tanga narudi Dar, nimeshapita Segera giza limeingia, kila lori likinipita nabaki kipofu sekunde kadhaa, maeneo ya Mkata kuna jamaa anasukuma baiskeli ya mkaa hana hata kirifrekta, nimekuja kumwona tupo hatua kumi na tano hivi, nikakwepa sijui hata nilikwepaje.

Kesho yake nikakimbilia Kariakoo nikanunua balbu za wati 100/90, yaani 100 kwenye fuli na 90 kwenye dimu. Siku ya kwanza raha, wiki ya pili naanza kusikia harufu ya plastiki. Kuchomoa plagi ya taa ya kushoto, tundu moja limeyeyuka jeusi tii. Kumbe waya wa kiwandani umepangwa kwa balbu ya 60/55, mimi naupitishia mzigo zaidi ya mara moja na nusu.

Ndo nikapelekwa kwa mzee mmoja fundi umeme. Hakugusa balbu kwanza, alitoa mita, gari inaunguruma akapima betri volti 14.1, akapima kwenye plagi huku taa inawaka ikasoma 11.8. Akaniambia kijana, volti zako mbili zinaliwa njiani, balbu unanunua za nini? Volti ikishuka asilimia 10 tu mwanga unashuka kama asilimia 30, sasa mimi nilikuwa nimepoteza zaidi ya hapo. Akafunga rilei mbili (swichi zinazowashwa na umeme mdogo ili zipitishe mkubwa), ya dimu na ya fuli, waya mnene unatoka betri moja kwa moja na fyuzi yake, ule waya wa zamani ukabaki kazi yake kuamsha rilei tu. Akarudisha balbu za 60/55 za kawaida. Jioni nimewasha geti la jirani likang'aa mpaka mlinzi akatoka.

Haya nyie je?

Kondakta mstaafu
Umetumia hela nyingi. Mimi nilifungua boliti ya ethi (ule waya hasi unaofungwa kwenye bodi) nyuma ya taa, kutu tupu, nikaisugua msasa nikaikaza, kwisha habari. Pimeni ethi kwanza jamani.

dada wa IST
Yangu haikuwa waya, ilikuwa lenzi, imekuwa njano utadhani umevaa miwani ya mafuta ya taa. Nikasikia dawa ya meno, nikapaka, ikang'aa wiki tatu ikarudi vilevile. Baadae nikanunua msasa wa maji, 800 halafu 1500 halafu 2000, unamwagia maji muda wote, na hapo katikati lenzi inakuwa nyeupe kama tui, mume wangu alijua nimeshaiua taa. Usiogope, endelea, polishi inairudisha. Ila kitu ambacho watu hawasemi ni kwamba ukishasugua umeondoa ngozi ya kukinga jua, usipopiga kliya (vanishi ang'avu) ya wapaka rangi juu yake inarudi njano fasta. Mara ya kwanza sikupiga, miezi mitano nikawa palepale. Kama taa zako ni za kioo hii haikuhusu.

Simba wa Voi
Wadau mimi ni LED ziliniponza. Niliweka kwa Probox, nikaona nyeupe nikajua nimeweza, lakini kutoka Voi mpaka Mtito kila lori inanipigia fuli. Nikaegesha mbele ya ukuta nikaona mwanga umetawanyika kote mpaka juu kwa miti, wakati barabarani mbele ni kiza. Ile rifrekta, bakuli linalong'aa ndani ya taa, imechongwa kwa uzi wa halojeni (balbu ya kawaida) unaokaa mahali pamoja kamili. Nimerudisha halojeni na nimelala salama.

mzee wa Hilux
Tahadhari kwa mnaokimbilia rilei. Pikapu nyingi za zamani za Toyota swichi inakata upande wa ethi sio chanya. Fundi wangu alifunga kwa mazoea, mguu mmoja wa koili (sehemu inayoamsha rilei) kwenye waya wa dimu, mwingine kwenye bodi, tunawasha, kimya, siku nzima anabadilisha rilei anasema feki. Ethi kwa ethi itaamka vipi? Mguu wa pili ulitakiwa uende kwenye chanya. Mwambieni apime kabla hajakata waya.

Kondakta mstaafu
Na msifute rifrekta kwa ndani! Mimi nilipitisha kitambaa cha sabuni, ule mng'aro wote ukatoka na kitambaa. Nikanunua taa nzima.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana. Sasa nauliza, kuseti urefu mnafanyaje? Wenzangu bado wananiflashi.

mzee wa Hilux
Simamisha gari sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, washa dimu, ule mstari wa juu wa mwanga uwe chini ya usawa wa taa zako kama sentimita 10. Na kama taa ulinunua used hakikisha hazikutoka kwenye gari ya usukani wa kushoto, zile zinapandisha mwanga kulia, yaani machoni kwa mwenzio.

dada wa IST
Mkuu huyo mzee wa mita yupo wapi?

Mwanzisha uzi
Keko, ila nenda asubuhi, mchana yupo chini ya gari ya mtu hasikii salamu.