"Picha si ulishapiga, sasa unachelewesha nini?" Wenye harusi mnatumaliza wapiga picha

Wakuu, nimeamka na ujumbe huu kwenye simu, umetoka kwa dada wa bibi harusi: "Kaka, picha si ulishapiga siku ile ile? Sasa unachelewesha nini? Kama imekushinda tutumie zote hivyo hivyo, tutachagua wenyewe."

Harusi ilikuwa siku 16 zilizopita. Mkataba tuliosaini unasema siku 30. Na nusu ya malipo yangu bado wameikalia wao. Nimeusoma ujumbe mara tatu, nikaweka simu chini nikatoka nje kwanza. Naandika hapa kwa sababu nikimjibu sasa hivi nitamvunjia heshima, na bibi harusi mwenyewe hajanikosea kitu.

Hilo neno "ulishapiga" ndilo linalonichoma. Siku ile nilifika saa kumi na mbili asubuhi bibi harusi ndiyo kwanza anakaa kupambwa, nikatoka ukumbini saa tano usiku. Kamera mbili mwilini, moja na lenzi pana, nyingine na lenzi ndefu ambayo peke yake inakaribia kilo moja na nusu. Nilirudi na picha 3,140. Kila faili ghafi moja ni karibu megabaiti 30, yaani zaidi ya gigabaiti 90 za harusi moja. Usiku ule ule, mgongo unawaka moto, sikulala mpaka nimezihamishia kwenye diski mbili tofauti, na kadi za kamera sikuzifuta. Kadi ikifa, harusi hairudiwi. Hakuna wa kumwambia bwana harusi avishe pete upya.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Kuzipitia picha 3,140, hata ukiipa kila moja sekunde tatu tu, ni zaidi ya saa mbili na nusu za kukodolea kioo bila kunyanyuka. Na hakuna anayechagua kwa mzunguko mmoja. Mimi hupita mara tatu: kwanza natoa zilizotikisika na za macho yaliyofumba, kisha nalinganisha zinazofanana, halafu nahakikisha hakuna mzazi wala ndugu wa karibu aliyekosekana. Zikabaki 620. Kila moja ukiipa dakika mbili za kusahihisha mwanga na rangi, ni saa 20 na dakika 40. Hizo ni dakika mbili za picha isiyo na tatizo. Sijagusa albamu hapo, na kila Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye harusi ya watu wengine.

Na picha za ukumbi wao karibu zote zilikuwa na matatizo. Mliweka taa za zambarau upande mmoja na za kijani upande wa pili, zinazunguka. Jicho la binadamu linazoea, kamera haizoei. Baba mzazi anatoka nusu zambarau nusu kijani, na mimi ndiye wa kuurudisha uso wake kwenye rangi aliyozaliwa nayo, picha moja baada ya nyingine, kwa sababu taa ilihama kila sekunde. Baadhi ya hizo taa za LED hupepesa kwa kasi ambayo hamuioni, lakini kwenye picha inatokea mistari imekatiza mwilini mwa maharusi. Nilimwomba msimamizi wa ukumbi awashe taa nyeupe kwa dakika tano tu maharusi wakiingia. Akaniambia nitaharibu mandhari.

Mwanga ukiwa mdogo, kwa mtu anayetembea shata (pazia la kamera) isikae wazi zaidi ya sekunde 1/200 ili asitikisike. Nafungua tundu la lenzi kwa upana, mpaka f/2.8, napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 6400, na bado picha ina chenga, vile vipunje punje. Nikiwasha flashi, nayo ina sheria yake: ukirudi nyuma umbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Ndiyo maana nawasogelea. Sipendi kukaa mbele ya shangazi zenu, jamani. Natafuta mwanga.

Halafu gauni jeupe na suti nyeusi, wamesimama pamoja. Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, inachukulia kwamba chochote kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ikiangalia gauni inalitoa la kijivu, ikiangalia suti inaing'arisha mpaka nyuso zinaungua. Mtu ana nusu sekunde ya kuamua, wanatembea, na hapo hapo mgeni ananyoosha simu katikati ya njia.

Hizo simu ndizo hasa. Bibi wa bibi harusi, mzee wa watu, alimshika mjukuu wake mashavu kwa mikono miwili kabla hajatoka nyumbani. Nilikuwa mahali sahihi, fokasi iko machoni, dirisha linatoa mwanga laini wa pembeni ambao sijawahi kuupata hata studio. Nikabonyeza. Na katika sehemu hiyo hiyo ya sekunde, mkono wenye simu ukaingia kulia, kioo kikiwaka kama tochi, mwanga wa bluu ukampiga bibi shavuni. Nilipata picha nne za tukio lile, zote nne simu ipo. Mwenye ule mkono ni huyu huyu aliyeniandikia asubuhi.

Sikatazi watu kurekodi. Ni ndugu zao, ni furaha yao. Ila mmenilipa nikamate jambo, halafu mnasimama kati yangu na jambo lenyewe, kisha mnaniuliza kwa nini halionekani.

Picha za familia nazo. Nilipewa dakika 15 za makundi 14, kwa sababu kupamba kulichelewa saa moja na nusu, na muda uliochelewa lazima ukatwe mahali. Siku zote unakatwa kwangu. Watu 18 wamepangwa, mimi napiga mara moja, mbili, tatu, mjomba tayari anaanza kuondoka: "Inatosha, umeshapiga." Haitoshi, mjomba. Kuna watafiti wawili wa CSIRO, shirika la utafiti wa kisayansi la Australia, Nic Svenson na Piers Barnes, waliopiga hesabu ya jambo hili, na mwaka 2006 wakapewa tuzo ya Ig Nobel ya hisabati, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Kwa kundi lisilofika watu 20, gawa idadi ya watu kwa tatu kama mwanga ni mzuri, gawa kwa mbili kama ni hafifu, ndipo uwe na uhakika wa kutosha wa kupata picha moja ambayo hakuna aliyefumba macho. Watu 18 kwenye mwanga wa jioni ni picha tisa. Mimi niliruhusiwa tatu. Sasa nimekaa natoa macho ya mama mkubwa kwenye picha ya pili nayaweka kwenye ya tatu, na mnauliza nachelewesha nini.

Wateja wa studio za kwanza, miaka ya 1840, walikaa kimya huku kichwa kimeshikiliwa kwa nyuma na kishikizo cha chuma ili wasitikisike, na wengine walikaa hivyo dakika nzima. Mimi naomba mtu asimame apumue mara tatu.

Sasa hili la "tutumie zote hivyo hivyo". Hapana. Faili ghafi ni data, hazijawa picha bado. Faili yangu ina biti 14 kwa kila rangi, yaani ngazi 16,384 za mwanga, wakati JPEG, faili la kawaida la picha za simu, ina ngazi 256. Hizo ngazi za ziada ndizo ninazotumia kuurudisha uso uliozama kivulini. Mkizifungua nyinyi, kama zitafunguka, mtaona kitu kilichopauka, mtakisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, kitabanwa tena huko njiani, na chini mtaandika jina langu. Na katika zile 3,140 kuna wazee wamefungua midomo wakitafuna, kuna bibi harusi analia pua imejaa, kuna mtu amekaa vibaya. Nimezitoa kwa ajili ya heshima yenu. Hakuna anayekwenda kwa fundi cherehani akadai vipande vyote vya kitambaa vilivyokatwa.

Mwingine atasema, "Lakini ni kamera tu, hata mtoto anabonyeza." Hoja hiyo ilishafika mahakamani zamani sana. Mwaka 1882 Napoleon Sarony alimpiga picha mwandishi Oscar Wilde katika studio yake New York. Kampuni moja ya uchapaji, Burrow-Giles, ikachapa nakala 85,000 bila ruhusa yake, na iliposhtakiwa ikajitetea kwamba picha ni kazi ya mashine, haina mtunzi. Mwaka 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikatalia. Ilisema Sarony ndiye aliyemkalisha Wilde, akachagua na kupanga mavazi, mapazia na vitu vilivyomzunguka, akapanga mwanga na kivuli, akamtoa ile sura iliyotakiwa. Kwa hiyo ni mtunzi. Miaka 140 imepita na mimi bado naambiwa nabonyeza tu.

Sidai kuzimiliki sura zenu. Sura ni zenu, na nikitaka kuweka picha yenu kwenye ukurasa wangu naomba ruhusa, ipo kwenye mkataba. Ila mkizichukua, msikate jina langu pembeni, na msizimwagie vichujio vya simu mpaka gauni likawa la njano halafu mkasema nimepiga mimi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kifungu cha 6bis, unampa mtunzi haki ya kutambuliwa na kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomshushia hadhi. Si kiburi changu.

Na nikiwa hapo hapo kwenye vichujio, hili linaniuma hata kwenye picha za studio. Mtu anakaa mbele ya lenzi, ngozi nyeusi nzuri, anasema, "Nifanye mweupe kidogo." Kwa miongo mingi kadi za Kodak ambazo maabara zilipimia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na rangi za filamu zikasawazishwa kwa ngozi yake. Watu wetu walitoka kwenye picha kama kivuli chenye meno. Nimetumia miaka kujifunza kuweka taa kubwa laini pembeni, iteleze juu ya shavu, ngozi ing'ae na kila mkunjo uonekane. Naipata. Halafu naombwa niifute. Sifuti. Nimepoteza wateja kwa hilo na nitaendelea kuwapoteza.

Turudi kwenye pesa, maana najua kuna atakayeuliza kwa nini nilifanya kazi bila kulipwa yote. Mkataba ulisema nusu ya malipo siku ya kusaini, nusu nyingine siku saba kabla ya harusi. Siku saba zikafika, wakasema mambo yamewabana, tukimaliza tu harusi tutakumalizia. Kulikuwa na machozi kwenye simu. Nikakubali. Ukumbi ulilipwa kabla, mapambo yalilipwa kabla, muziki ulilipwa kabla, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na moyo wa kuombwa. Sherehe imekwisha, maua yametupwa, kilichobaki kwa wote ni picha zangu, na ndizo hazijalipiwa.

Betri zinachoka, shata ya kamera ina idadi ya mibonyezo ya kuishi kama kiatu kilivyo na soli, na msaidizi wangu nilimlipa usiku ule ule kutoka mfukoni kwangu kwa sababu yeye hakusaini kusubiri. Na Jumamosi zangu zimekwenda. Mdogo wangu wa damu alioa Jumamosi moja mimi nikiwa harusi ya watu nisiowajua, kwa sababu walishatoa kianzio na neno langu nilishalitoa. Harusi ya mdogo wangu nimeiona kwenye picha za mtu mwingine. Picha nzuri, Mungu ambariki aliyezipiga. Nilimtumia ujumbe kumshukuru, na sikumuuliza alichelewesha nini.

Wapiga picha wenzangu, nawauliza kwa dhati: salio mnalichukua lini, na mnalikomalia vipi bila kugombana na familia iliyo kwenye presha ya harusi? Mimi kuanzia sasa, siku saba zikifika bila salio, sitoki nyumbani. Nimeshabadilisha kifungu hicho leo. Na nimeongeza kingine: mwenye harusi ataje mtu mmoja tu wa kuwasiliana nami, ili nisipokee amri kutoka kwa kila ndugu mwenye namba yangu.

Dada wa bibi harusi nitamjibu jioni. Nitamwambia tarehe iliyo kwenye mkataba, na kwamba albamu itatoka salio likiingia. Picha 412 ziko tayari, zimebaki 208. Nimefungua ile ya bibi na mjukuu wake, ninaondoa ule mwanga wa simu shavuni, sehemu ndogo ndogo, maana nikiharakisha nitafuta na mikunjo yake. Tangu alfajiri niko kwenye hii moja.