Desktopu imegoma kuwaka baada ya umeme kurudi, msaada wakuu

mwenye_steshenari: Habari zenu wakuu, naombeni msaada desktopu yangu ya kazi imegoma kuwaka. Jana jioni umeme ulikatika huku Morogoro nikiwa katikati ya kuprinti, uliporudi nabonyeza batani feni inageuka kidogo tu halafu inakata, monita nyeusi tii, hailii hata mlio. Ila ka-taa kadogo ka kijani kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, kanawaka vizuri. Nimebadilisha waya wa umeme na soketi, hamna kitu. Fundi wa jirani bila hata kufungua kava anasema mazabodi imekufa ninunue nyingine. Wanafunzi wa chuo wanasubiri ripoti zao na mafaili yote yamo humo, nimechanganyikiwa kwa kweli.

kaka_pawa: Pole sana mkuu. Hiyo ni pawa saplai moja kwa moja, lile boksi linalogawa umeme ndani ya mashine, umeme ukirudi huwa unakuja mkubwa ndo unaziua. Tafuta saplai ya mtumba ufunge.

fundi_ilala: Jamani tusimwingize mwenzetu gharama kabla hajapima. Mkuu usinunue chochote kwanza. Hako ka-taa kasikudanganye, kanaonyesha tu volti 5 za kusubiri zimefika kwenye bodi, na hizo zipo muda wote waya ukiwa ukutani, volti 12 za prosesa (ubongo wa mashine) na feni ni njia nyingine kabisa kwa hiyo saplai bado inaweza kuwa mbovu hata kama taa inawaka. Lakini mashine ikigeuza feni kidogo ikakata mara nyingi saplai inajilinda, maana yake kuna shoti mahali, na hiyo shoti inatafutwa, haibahatishwi.

Fanya hivi, chomoa waya ukutani, shikilia batani ya kuwashia kama sekunde 10 umeme uliobaki uishe, fungua kava. Chomoa diski inayotunza mafaili (hadi diski), sidi, kadi ya grafiki kama ipo, na nyaya za USB za mbele zinazoingia kwenye bodi. Bakiza prosesa na feni yake na ramu (kadi ya kumbukumbu ya muda) moja tu. Hiyo ramu itoe usugue meno yake taratibu na ufutio wa penseli, irudishe mpaka vishikizo vya pembeni vilie ta. Washa. Ikiwaka rudisha kimoja kimoja, na kila unapochomeka kitu umeme uwe umetolewa. Ikigoma hivyo hivyo ndo uazime saplai ya mtu ujaribishie. Ila saplai yenyewe USIIFUNGUE, kapasita za ndani, vile vikopo vidogo, zinatunza umeme mkubwa hata ukiwa umechomoa, zinaua. Kuhusu mafaili, yapo kwenye hadi diski, bodi ikifa unaihamishia diski kwenye mashine nyingine unaendelea.

dada_wa_bodi: Naongezea, cheki kapasita zilizo karibu na prosesa, vichwa viwe bapa, ukiona imevimba au imetoa uchafu wa kahawia hapo yule fundi atakuwa na hoja. Na matundu ya USB ya mbele yamulike na tochi ya simu, steshenari watu wanachomeka flashi kutwa nzima, kale kaulimi ka plastiki kakivunjika pini zinagusana, nimekutana nazo nyingi sana hizo.

mwenye_steshenari: Dada Mungu akubariki!! Nimechomoa waya wa USB za mbele tu ikawaka papo hapo, mpaka Windows imefunguka. Nimemulika, tundu la chini pini mbili zimepinda zimelaliana. Nimekumbuka giza lilipoingia mteja alivuta flashi yake kwa nguvu akiwa na haraka, basi wote tukadhani ni umeme. Sasa hayo matundu ya mbele nafanyaje, wateja lazima wachomeke flashi?

fundi_ilala: Safi sana. Waya wa mbele uache hivyo hivyo umechomolewa, na hilo tundu liweke selotepu mtu asije akachomeka. Chukua USB habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) yenye waya mrefu chomeka nyuma, iweke mezani mbele ya wateja, ikivunjika unabadilisha habu peke yake. Na kabla hujaprinti ripoti hata moja kopi hayo mafaili kwenye diski ya nje, mashine iliyozimika ghafla ikiwa inaandika kwenye diski siiamini mpaka nione kopi.

mwenye_steshenari: Nakopi sasa hivi mkuu. Kaka_pawa na wewe asante.