Ukoo wa Bi Mwanaharusi wapanga nyimbo za wavulana wa Korea

UKOO WA BI MWANAHARUSI 🌴
Jumamosi, 20 Desemba 2025

Tausi (Dar): Shikamooni wakubwa. Leo ndiyo leo. Tunapanga nyimbo za mwaka huu za makundi mapya ya wavulana wa Korea. Atakayekosa asinisumbue kesho.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Mchango wa mabati ya Bibi bado watu saba.

Tausi: Mjomba mimi nimelipa, jina langu la nne hapo juu 🙏🏽

Mjomba Hamisi: Nimeliona. Endeleeni.

Da Rukia (Muscat): Taja masharti kwanza. Mwaka jana tuligombana mpaka mtu akajitoa kikundini.

Kaka Athumani (Mombasa): Bando liliniishia. Msinizushie.

Tausi: Moja: kundi liwe limeanza 2023 kuja huku, na wimbo uwe wa 2025. Kwa hiyo Stray Kids hawamo, hata kama KARMA ilikuwa albamu yao ya saba mfululizo kuingilia namba moja Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Hao ni wa 2018. ATEEZ vilevile. SEVENTEEN ndiyo kabisa, wametimiza miaka 10 mwaka huu. Tuwaache wazee wapumzike.

Da Rukia: Wa 2018 wazee? Mimi niliyeanza na BTS 2013 niitwe nani? Vijana wangu wa mwisho wamemaliza jeshi mwaka huu, sasa wote saba wametoka, nimelia zamuni mpaka mgonjwa kanipa tishu.

Tausi: Uitwe Bibi 😂 Sharti la pili: masikio tu. Nimewatumia nyimbo zina namba, hazina majina wala picha. Tunajuana humu. Kuna mtu mwaka jana alimpa Wonbin wa kundi la RIIZE alama tisa kwa ajili ya nywele.

Da Rukia: Zilistahili.

Tausi: Sharti la tatu: hakuna kuniambia "albamu imeuza milioni". Mnajua wenyewe, kila albamu ina kadi za picha ndani na hujui utapata ya nani. Mtu ananunua kumi akimtafuta mmoja. Hayo ni mauzo ya kadi, wimbo umepewa lifti tu.

Mjomba Hamisi: Kumbe ni bahati nasibu.

Tausi: Ndiyo hiyo hiyo, Mjomba.

Mama Mdogo Zuhura (Tanga) 🎤 *sauti 1:52*
"Haya wanangu, nakuna nazi hapa huku nasikiliza, mkisikia krr krr ni mbuzi, si simu. Namba moja hii ya mapovu mapovu, pop pop pop, hii ni ya watoto wa chekechea lakini inachangamsha, nimemaliza kifuu kizima sijajua. Namba mbili makelele, siitaki. Namba tatu… hii namba tatu nani kaimba? Ina kwaya! Wanaitikiana kama watu wamejazana ukumbini. Shida yenu nyimbo fupi. Dakika tatu! Mtu hata hujatoa noti kwenye kanga ukamtunze mwimbaji, wimbo umekwisha. Sisi kwenye taarab hapo hata hajasimama."

Tausi: 😭😭😭 Mama Mdogo nakupenda. Namba moja ni "poppop" ya NCT WISH. Namba mbili ni "Mama Said" ya KickFlip, watoto wa kampuni ya JYP walioanza Januari. Na namba tatu ni "Fly Up", RIIZE!

Da Rukia: NIMESEMAJE MIMI

Tausi: Tulia. Nakubali sikio la Mama Mdogo. RIIZE walianza Septemba 2023 na "Get A Guitar", wimbo mwepesi wenye gitaa la kukatika. Baada ya hapo wamekuwa wakipapasa, leo hivi kesho vile. "Fly Up" ndiyo nimewaona wametulia. Ule mdundo ni wa roki ya kizamani, ya miaka ya 1950, kisha inaingia kwaya na kila kitu kinapanda juu. Ukiwa na spika nzuri unaisikia kwaya inatoka pembeni, si katikati.

Mama Mdogo Zuhura: huyo mwenye sauti nene ni nan

Da Rukia: Utakuwa unamsikia Anton, Mama. Baba yake ni Yoon Sang, mwanamuziki mkubwa wa Korea tangu zamani. Na yeye mwenyewe anapiga cello.

Mama Mdogo Zuhura: ndo maana. damu

Kaka Athumani: Mimi nataka kujua namba saba ni kina nani. Nimeisikiliza hapa sokoni Kongowea mara nne, jirani yangu wa viatu ashaanza kuitikia.

Tausi: Aaah umeipata! Namba saba ni "FaSHioN" ya CORTIS. Unajua inahusu nini?

Kaka Athumani: Kikorea nitajuaje?

Tausi: Nguo zako. Wanajisifu kwa fulana ya dola 5 na suruali ya won 10,000. Mitumba kabisa.

Kaka Athumani: Subiri. Won 10,000 ni pesa ngapi huku?

Da Rukia: Kama shilingi 900 za Kenya.

Kaka Athumani: MIA TISA? Suruali ya mtumba? Wamepigwa wallahi. Na fulana ya dola 5 mimi nakupa tatu na nakukunjia. Hao waje Kongowea Jumanne asubuhi robota likifunguliwa, watatunga albamu nzima.

Da Rukia: Seoul kuna soko la Dongmyo, wanamwaga nguo chini barabarani watu wanachakura. Ukipiga picha ukamtumia mtu, atadhani ni kwetu.

Kaka Athumani: Basi hao ni ndugu zangu. Alama kumi.

Tausi: Kaka huwezi kutoa kumi kwa sababu ya biashara yako 😂

Kaka Athumani: Da Rukia alitoa tisa kwa nywele.

Tausi: Haya. Sasa mnisikilize, maana CORTIS ndio habari ya mwaka huu kwangu. Wametoka Agosti chini ya BigHit, kampuni ileile ya BTS, ambayo haikuwa imetoa kundi la wavulana tangu kundi la TXT 2019. Wako watano, mkubwa James kazaliwa 2005, wadogo wawili ni wa 2009. Wanatunga wenyewe, wanabuni dansi wenyewe, mpaka video wanaingiza mkono. Kwangu mimi wimbo bora si "What You Want" waliotangulia nao, wala hiyo ya mitumba. Ni "GO!", namba nne kwenye mafaili yenu. Isikilizeni tena. Mdundo umeachwa mtupu, besi na makofi basi, halafu kiitikio kinaingia kama mtu anakugongea mlango. Makundi mengine yangejaza hapo vyombo kumi. Hawa wameacha nafasi.

Mama Mdogo Zuhura: namba nne imenipa kizunguzungu

Tausi: Mama Mdogo 💔

Da Rukia: Mimi naungana na Mama. "GO!" ni nzuri kwa kuchezea, ila ukiondoa dansi inabaki nini? Si wewe uliyesema masikio tu? "What You Want" nayo hivyohivyo, watu wanaisifia kwa sababu wanacheza juu ya mashine za kukimbilia.

Tausi: Umeangalia video!!

Da Rukia: Agosti niliangalia, kabla ya masharti yako.

*Ujumbe huu ulifutwa*

Mama Sabra: Mimi Sabra natumia simu ya mama. Namba moja ni Soda Pop 💛💛💛 ya Saja Boys

Tausi: Sabra mdogo wangu, Saja Boys si kundi. Ni watu wa ile filamu ya katuni ya Netflix, KPop Demon Hunters.

Mama Sabra: Mbona namba sita PLAVE ni katuni na umewaweka

Kaka Athumani: Eeeh! Mjibu mtoto.

Da Rukia: Nitamjibu mimi. Sabra, PLAVE nyuma yao wapo vijana watano wazima. Wanavaa nguo zenye vihisi mwilini, wakinyanyua mkono na katuni inanyanyua. Wanaongea na mashabiki moja kwa moja. Mitambo ikikorofisha mkono wa mtu unapinda mpaka mgongoni, wao wanacheka wanaendelea. Nyimbo wanatunga wenyewe. Wameanza Machi 2023, mwaka uliofuata wakashinda kwenye kipindi cha muziki cha televisheni, wakiwaacha chini watu wenye sura.

Mama Sabra: Na Saja Boys kuna watu wanaimba nyuma

Kaka Athumani: 😂😂😂 Tausi umekwama.

Tausi: Tofauti ni kwamba PLAVE kesho watatoa wimbo mwingine. Saja Boys filamu ikiisha wamekwisha. Wale ni majini, wameshindwa mwishoni.

Mama Mdogo Zuhura: MAJINI?

Mama Mdogo Zuhura 🎤 *sauti 0:21*
"Astaghfirullah! Kwa hiyo kile kinachoimbwa sebuleni kwangu tangu likizo ianze ni nyimbo za majini? Sabra! Mpe mama yako simu!"

Mama Sabra: Si majini ya kweli Bibi

Mama Sabra: Ni mimi mama yake sasa. Amekimbilia kwa jirani. Kwani wimbo wenyewe mbaya? Mimi naupenda.

Da Rukia: Ni mtamu, tuseme ukweli. Anayeutunga anajua anachofanya, ameuweka utamu kama mtego, ndivyo filamu inavyotaka. Ila hauingii kwenye orodha.

Tausi: Tuendelee. Namba nane, "ICONIK", ZEROBASEONE?

Da Rukia: Laini, safi, imepita. Mimi hawa nawaonea huruma tu. Kundi liliundwa kwa kura za watazamaji wa televisheni, wakapewa mkataba wa miaka miwili na nusu. Unawapenda huku unahesabu siku.

Tausi: Namba tisa, "OVERDRIVE" ya TWS. Hii mmeisikia hata bila kujua, kipande chake cha kudeka kimezagaa kwenye video fupi tangu Oktoba. Watu wazima wanatikisa mabega kama watoto wanaodai pipi. Kipande kile kitamu, dakika mbili zilizobaki ni za kusubiria kipande.

Kaka Athumani: Hapo umesema.

Tausi: Imebaki namba tano. Mbona hakuna aliyeigusa?

Da Rukia: Mimi nilikuwa naikwepa.

Mama Mdogo Zuhura 🎤 *sauti 1:08*
"Namba tano hiyo nimeirudia. Maneno siyajui ila huyo kijana ameachwa. Mtu akiachwa unamsikia kwenye pumzi. Anaanza kama anapiga soga, hajali, anatembea zake, halafu ikifika pale juu sauti inampasuka kidogo, anaishika. Hajalia. Huyo ndiye mwimbaji. Angelia ningempa tano. Namwekea noti ya elfu kumi, mniambie naituma wapi."

Tausi: Mama Mdogo hiyo ni "If I Say, I Love You", BOYNEXTDOOR. Na umeisoma sawasawa. Mapenzi yamekwisha, kijana bado anajidanganya, anataka kusema nakupenda kwa leo tu. Imetoka Januari, peke yake, bila albamu nyuma yake, na watu wa kawaida kule wakaikumbatia, si mashabiki peke yao. Humo ndani wapo Jaehyun, Taesan na Woonhak kwenye utunzi. Bosi wao Zico amewafundisha kitu kimoja makundi mengi hayana: wanaimba kama wanaongea nawe kibarazani.

Da Rukia: Mimi wimbo ule ulitoka nikiwa na mambo yangu. Tusiongee sana.

Kaka Athumani: Pole dada. Ni yule wa Salalah?

Da Rukia: ATHUMANI

Tausi: 🤐 Kura basi. Mimi "GO!".

Da Rukia: "Fly Up". Ile nyingine siwezi kuipigia kura, inaniumiza.

Kaka Athumani: Mitumba.

Mama Mdogo Zuhura: aliyeachwa

Mama Sabra: Na mimi naomba kura. Namba tano. Nimeisikiliza nikipiga pasi.

Mjomba Hamisi: Namba sita.

Tausi: Mjomba???

Mjomba Hamisi: Nimesikiliza zote tangu asubuhi. Namba sita ina gitaa. Nimepiga gitaa la besi kwenye bendi ya wilaya ujana wangu, najua mtu anayekimbia na mdundo na anayekimbizwa na mdundo. Hao wanakimbia nao.

Da Rukia: Mjomba ni shabiki wa PLAVE 😭 "Dash" imepata mtetezi Muheza!

Mjomba Hamisi: Sijui majina. Nimesema namba sita.

Tausi: Haya, natangaza. Namba moja BOYNEXTDOOR, kura mbili. Chini yake wanne wamelingana, kwa hiyo napanga mimi, na asiyetaka aanzishe kikundi chake: pili "GO!", tatu "Fly Up", nne "Dash", tano "FaSHioN". Sita "poppop", hiyo nimeiweka kwa heshima ya kifuu cha Mama Mdogo. Saba "OVERDRIVE". "ICONIK" na "Mama Said" tutaonana mwakani.

Kaka Athumani: "GO!" ya pili kwa kura moja na mimi kwa kura moja wa tano? Hii ni tume gani ya uchaguzi?

Tausi: Rufaa ipelekwe kwa Mjomba.

Mjomba Hamisi: Rufaa zinapokelewa kwa waliolipa mabati. Athumani hujalipa.

Kaka Athumani: Natuma jioni nikifunga. Tausi nitumie ile Fashion faili kamili, hii yako imekatika mwisho. Kesho Jumapili soko linajaa, nataka kuiweka kwenye spika ya mezani.

Tausi: Inapanda sasa hivi, ina MB 7. Usizidishe besi, spika yako ile inakoroma.