Mwanamke wa Kabul: nani atusimulie habari zake?

Mleta mada
Wadau, salaam. Vitabu vya hadithi kuhusu wanawake wa Afghanistan vilivyovuma duniani, vingi vimeandikwa na wanaume walio nje ya nchi hiyo. Khaled Hosseini, daktari mzaliwa wa Kabul anayeishi Marekani, ndiye aliyetuletea Mariam na Laila wa riwaya ya A Thousand Splendid Suns mwaka 2007. Atiq Rahimi, aliyekimbilia Ufaransa, alipata tuzo ya Goncourt mwaka 2008 kwa kisa cha mke anayemuuguza mume asiyejitambua, akimmwagia yote aliyoyaficha moyoni. Na Yasmina Khadra, wa riwaya ya The Swallows of Kabul? Jina la kike, lakini mwenyewe ni Mohammed Moulessehoul, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Algeria, kaazima majina ya mkewe. Huyo hata Mwafghani si.

Sisemi mwanamume asiandike. Said Ahmed Mohamed alimwandika Maimuna wa Utengano, binti aliyefungiwa ndani, na sijasikia mtu akimtaka aweke kalamu chini. Ninacholalamikia ni kwamba riwaya hizi zimetuzoesha mwanamke wa aina moja: anapigwa, anavishwa burka, anavumilia. Mwaka 2022 ulitoka My Pen Is the Wing of a Bird, mkusanyiko wa hadithi fupi za wanawake 18 wa Afghanistan, zilizoandikwa kwa Kidari na Kipashto kisha zikatafsiriwa kwa Kiingereza. Humo nimemkuta mtangazaji wa habari anayewahi zamu yake ya usiku huku makombora yakiuangukia mji. Nimemkuta mtoto na buti nyekundu alizozitamani. Vita vimo, ila havimzibi mtu.

Sasa, mchapishaji wa Kiswahili akija na fedha ya kutafsiri kitabu kimoja tu, aanze na kipi? Mimi nasema huo mkusanyiko. Karibuni.

Mwalimu wa fasihi
Mleta mada, umemsoma Hosseini kwa haraka. Rasheed, mume wa Mariam, anamtafunisha mkewe kokoto kisa wali haukuiva vizuri, na hiyo ni miaka ya sabini. Kundi la Taliban lilianza 1994. Kwa hiyo riwaya haitupi lawama zote kwa watu wenye bunduki. Inaingia ndani ya nyumba, inamkamata baba mwenye heshima zake mtaani. Na hiyo ya “anavumilia” siikubali kabisa: Mariam mwishowe anashika koleo la kuchimbia na kumuua Rasheed (samahani kwa ambaye hajafika huko). Wanafunzi wangu wakisoma kitu cha namna hiyo hawalali darasani. Hadithi fupi 23 za watu wasiojulikana utawapa nani? Anza na kinachosomwa, mlango ukishafunguka hao wengine watapita.

Bi Mkubwa
Mwanangu Mwalimu, huo mlango umefunguka tangu 2007, mbona hawajapita?

Halafu tuseme ukweli, kule kwao milango inazidi kufungwa. Wasichana walizuiwa shule za sekondari tangu Taliban waliporudi Agosti 2021, vyuo vikuu vikafuata Desemba 2022. Sheria ya Agosti 2024 inataka hata sauti ya mwanamke isisikike hadharani, iwe kwa kuimba au kusoma kwa sauti. Mwaka 2025 vitabu vilivyoandikwa na wanawake vikaondolewa vyuoni. Aliye ndani akiweza kuandika chochote, basi yeye apewe nafasi ya kwanza. Hosseini ana wachapishaji dunia nzima, hatakufa njaa tukimpitisha.

Ila kuhusu nyumba nakuunga mkono. Mshairi Nadia Anjuman wa Herat alikuwa akienda kujifunza fasihi kwa siri enzi za Taliban wa kwanza, wasichana wakijifanya wanakwenda darasa la kushona. Akanusurika. Taliban wakaondoka, akachapisha diwani yake, na Novemba 2005 akafariki akiwa na miaka 24 baada ya kupigwa na mumewe.

Mpenda mashairi
Mnagombania nathari bure. Wanawake wa Kipashto wana landay: mistari miwili, mizani 9 na 13, haina jina la mtunzi. Mapenzi, vita, matusi kwa mume mzee, vyote vimo. Hiyo tafsirini, tutaimba.

Mleta mada
Mwalimu, koleo nimeliona. Nimeona pia kwamba Mariam analilipia kwa kunyongwa… hapana, kwa risasi uwanjani, mbele ya watu, ili Laila apate kuishi. Mwanamke anayetenda lazima afe ndipo tumpende? Mtangazaji wangu anataka tu afike kazini.

Bi Mkubwa, shikamoo. Nakubaliana nawe, ila lipo tatizo: tukitafsiri kutoka Kiingereza, hadithi itakuwa imevuka mikono miwili kabla ya kutufikia. Nani hapa anajua Kidari, au anamjua anayekijua? Dubai na Muscat kuna Waafghani na kuna Waswahili. Mlioko huko ulizieni.