Safari ya Schäfer Tibet 1938–39: Sayansi au Siasa?

Kasuku Mweusi: Wakuu, heshima kwenu. Mtafiti Mjerumani Ernst Schäfer aliingia Lhasa, mji mkuu wa Tibet, Januari 1939 na wenzake wanne, wote watu wa SS, kikosi cha Wanazi wa Hitler, mlezi wao Himmler, mkuu wa SS. Wanaomtetea husema alikuwa mtaalamu wa wanyama tu, hasa ndege, na fedha nyingi alizitafuta nje ya SS. Je, vitu alivyokusanya, kama ndege na mbegu, viendelee kutumika kwenye utafiti?

Babu Kijiwe: Ndege hana chama. Mbegu za shayiri zina kosa gani? Hata huyo Bruno Beger, mwanaanthropolojia wa msafara, aliyepima vichwa vya watu 376, alimkata nani? Kupimwa si kuuawa. Mimi fundi cherehani ananipima kila Idi.

Mwanahawa: Fundi cherehani?! Babu, umekurupuka. Fundi wako alishawahi kukupaka plasta uso mzima achukue umbo la sura yako? Kule Sikkim mmoja alishikwa na kifafa plasta ikiwa usoni, nusura azibwe pumzi. Na 1943 Beger huyohuyo akaenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kuchagua watu. 86 wakauawa kambi ya Natzweiler, maiti zikapelekwa kwa Profesa Hirt wa anatomia pale Strasbourg, aliyetaka mkusanyo wa mifupa. Mahakama ya Frankfurt ikampa miaka mitatu, mwaka 1971. Mitatu!

Babu Kijiwe: Tunaongelea Tibet, unanipeleka Auschwitz. Na mafundi waheshimu, marehemu baba alitusomesha kwa cherehani.

Mwanahawa: Nani kamgusa baba yako?

Dogo Janja wa Tabata: Schäfer si ndo yule aliyekuwa mwalimu wa Dalai Lama?

Kasuku Mweusi: Huyo Harrer, mpanda milima. Naye alikuwa SS, ila Lhasa alifika 1946. Soma kwanza, dogo.

Msomaji Kimya: Beger alikuwa anagawa dawa. Mtu kaja na jicho linauma, anatibiwa, kisha vinatolewa vyuma vya kupimia kichwa. Hapo kuna kukataa kweli?

Mlima Shengena: Mnawalilia Watibeti! Mangi Meli, chifu wa Wachaga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi Machi 1900, kichwa chake kinatafutwa mpaka leo. Himmler kazaliwa Oktoba mwaka huohuo. Berlin wana mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, yaliyobebwa enzi za Kaizari, mfalme wa Wajerumani, kabla ya Wanazi. Msiniambie ni mambo ya Wanazi.

Babu Kijiwe: Wachaga bwana! Uzi wa Himalaya, lazima mpitie Kilimanjaro.

Mlima Shengena: Mchaga nani? Mimi Mpare. Jina langu hulioni? Shengena ni mlima wa Upare.

Dogo Janja wa Tabata: 😂😂 Babu leo kapatikana.

Kasuku Mweusi: Jamani, swali langu ni vile vitu vya makumbusho…

Babu Kijiwe: Subiri kwanza, Kasuku. Mpare wa wapi, Same au Mwanga? Maana kuna mmoja ana deni langu.