Kifua kilibana usiku, sasa kimetulia. Nisubiri Jumatatu?

Mtulivu47: Wakuu, naombeni ushauri. Nina miaka 47, sina kisukari, situmii dawa yoyote. Jana usiku kwenye saa sita kifua kilinibana katikati. Hakikuchoma, kilibana, kama mtu kanikalia. Jasho jembamba likanitoka, taya likauma, mkono wa kushoto ukawa mzito. Baada ya kama nusu saa ikaisha. Nikanywa dawa ya asidi, nikalala. Asubuhi hii niko vizuri. Nina safari ya kikazi leo, daktari nimepanga kumwona Jumatatu. Ni gesi au moyo? Na je, nianze kumeza aspirini kila siku kujikinga?

FundiSaa: Hiyo gesi mkuu. Mimi ilinitesa miaka miwili, kila usiku nadhani nakufa. Nilipoacha kula na kulala papo hapo, ikaisha. Inua mto.

MamaMapacha: Pole. Mimi neno gesi linanitia woga. Dada yangu alikuwa na kisukari, hakuwahi hata kushika kifua. Siku mbili alilalamika uchovu na kichefuchefu, akitembea hatua chache anahema. Tukasema ni tumbo. Anafika hospitali, sehemu kubwa ya misuli ya moyo imeshakufa. Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu kabisa. Hayo nimeyajua nikiwa nimeshamzika.

Mwadilifu: Ni haya maisha tunayoishi. Sigara, kukaa kwenye kiti kutwa, presha hatupimi mpaka tuanguke. Mleta mada, unavuta?

Mtulivu47: Nimepunguza. Wakuu tusitoke nje ya mada. Aspirini je?

NesiWaZamu: Aspirini ya kila siku ni ya kuamua na daktari, inaweza kukutoa damu tumboni. Tuiache kwanza. Kubana nusu saa na jasho la baridi: huenda damu imeganda kwenye mshipa unaolisha moyo. Maumivu kuisha si kupona. Nenda sasa hivi upimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hiyo inatakiwa ifanyike ndani ya dakika 10 tangu ufike. Ikitoka safi usiondoke, wapime na troponini kwenye damu, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, wairudie baada ya saa chache. Halafu nijibu: ulikuwa unafanya nini, na umemeza nini siku mbili hizi?

Mtulivu47: Nilikuwa nyumbani na mke wangu, tumepumzika tu.

NesiWaZamu: Nimeuliza umemeza nini.

Mtulivu47: Haya. Rafiki yangu alinipa tadalafili, ile ya nguvu za kiume, miligramu 20, nikameza saa tatu usiku. Yeye anatumia miaka na hajapata shida, kwa hiyo sidhani inahusika. Na si kwamba sijajihami. Mzee wangu ana ugonjwa wa moyo, ana vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Nimechukua viwili, viko mfukoni. Kikibana tena njiani naweka kimoja. Sitaki kwenda hospitali kuulizwa mambo ya chumbani mbele ya mke.

Ngalawa: Kumbe mkuu ulikuwa kazini 😂😂 Moyo umeomba likizo.

NesiWaZamu: Ngalawa, si wakati wake. Mleta mada, vitoe hivyo vidonge mfukoni. Ni nitrati. Nitrati inatanua mishipa, na tadalafili nayo inatanua, tena inakaa mwilini muda mrefu. Ndani ya saa 48 hazichanganywi. Presha itaporomoka, na moyo ambao tayari unakosa damu ndio utazimika. Hospitali waambie habari hiyo kabla hawajakupa chochote. Mkeo unaweza kuomba asubiri nje.

Ngalawa: Samahani mkuu. Mimi nilisikia kifua kikibana unakohoa kwa nguvu mfululizo, kweli?

NesiWaZamu: Hapana, hiyo inapoteza muda tu. Mleta mada, piga simu ya gari la wagonjwa, usiendeshe mwenyewe. Kikibana tena, na kama huna mzio wa aspirini wala hutokwi damu, tafuna miligramu 300 huku unasubiri. Na mkeo ajue hili: ukianguka, huitiki na hupumui sawasawa, abonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, asiache mpaka msaada ufike.

JichoLaTatu: Wakuu mnanyweshwa chai. Mwanzo kasema hatumii dawa yoyote, sasa ana tadalafili na vidonge vya mzee. Anayeogopa kufa anaandika kwa nukta na mkato? Na huyo Nesi ni akaunti yake ya pili.

FundiSaa: Hata mimi naanza kushtuka. Safari ya kikazi Jumamosi?

MamaMapacha: Chai au si chai, mimi nimeinuka nikafungua kabati. Vidonge vya baba mkwe vya chini ya ulimi viko rafu moja na vya mume wangu. Nimevitenga. JichoLaTatu, dada yangu naye tulimwambia anadeka.

Mtulivu47: Sijadanganya. Kilikuwa kidonge kimoja, sikukihesabu kuwa dawa. Nimepanda ngazi kuchukua begi, kimerudi, si sana. Nimekaa hapa kwenye ngazi.

NesiWaZamu: Usisimame. Mwite mkeo, piga simu.

Mtulivu47: Niko hospitali, wamenibandika nyaya kifuani. ECG ya kwanza wamesema haina tatizo, damu wamechukua, watarudia baada ya saa tatu. Habari ya tadalafili nimewaambia, daktari kaandika kwenye faili, hata hakuinua uso. Mke wangu yuko nje. Vile vidonge viwili anavyo yeye, na ameshaniuliza vya nini.

JichoLaTatu: Weka picha ya ECG.

MamaMapacha: Mwite aingie umwambie wewe mwenyewe. Na mzee amebaki na vingapi?

Mtulivu47: Chupa yake ina vingine. Namwita.