Wafanyakazi wa reli kununua kampuni yao wenyewe, Uingereza ilikuaje?

Mwana wa Iyunga:
Wakuu habari za jioni. Niko Mbeya, mzee wangu kafanya kazi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, toka kijana mpaka anastaafu. Sasa toka ule mkataba wa miaka 30 wa kuiendesha reli na kampuni ya CCECC ya China usainiwe 2025 huku Iyunga kila kijiwe stori ndo hiyo, treni ya abiria itakuaje, wa karakana watabaki au la. Juzi jamaa mmoja akasema mbona Uingereza walipobinafsisha treni za abiria mameneja na wafanyakazi walijichanga wakachukua wenyewe, kwanini huku ishindikane? Hivi ni kweli? Hela walitoa wapi? Na wameishia wapi, maana sijawahi kusikia kampuni ya wafanyakazi huko. Naombeni majibu ya maana, hili linagusa nyumba nyingi huku.

Ipogolo Stendi:
Kweli mkuu, ila ujue walichochukua sio reli. Sheria ya 1993 iliivunja British Rail, shirika la reli la serikali, vipande vipande, njia na stesheni zikaenda kampuni ya Railtrack, vichwa na mabehewa kampuni tatu za kukodisha, halafu kazi ya kubeba abiria ikagawanywa mikataba 25. Kwa hiyo kampuni ya abiria ilikua ina wafanyakazi, ratiba, ruzuku ya serikali na mkataba wa miaka kadhaa, basi. Ni kama dereva na konda wa Coaster ya Tukuyu, gari la tajiri, barabara ya serikali, wao wana ruti na hesabu ya jioni. Ndo maana mtaji haukua wa kutisha.

Chiltern, treni za London kwenda Birmingham, walishinda mkataba wao 1996, menejimenti na wafanyakazi walikua na 51%, hisa zilizobaki kampuni ya ujenzi John Laing na wawekezaji 3i. Na walifanya kazi kwelikweli hawa, waliagiza treni mpya na kipande cha Princes Risborough mpaka Bicester kilichokua kimebakizwa njia moja kikarudishiwa ya pili 1998. Mtu aliyekaa kwenye reli miaka anajua wapi abiria wanakwama, hilo mimi naliamini kabisa.

Mhasibu Makambako:
Naongezea kwenye hela maana ndo penyewe. Wafanyakazi hawana mabilioni, hela kubwa inatoka kwa wawekezaji, na mwekezaji wa hivyo anaingia akijua siku ya kutoka. Great Western, treni za London kwenda magharibi, ilianza Februari 1996, menejimenti na wafanyakazi 51%, kampuni ya mabasi FirstBus na 3i robo robo hivi. Miaka miwili tu, 1998, FirstBus hiyohiyo, sasa inaitwa FirstGroup, ikawanunua wote waliobaki. Ndo jibu la kwanini hujawahi kuzisikia, hazikufa, ziliuzwa.

Linaloniuma zaidi ni zile kampuni za kukodisha treni. Mbili zilichukuliwa na mameneja. Porterbrook serikali iliiuza kwa pauni milioni 527 na mwaka huohuo 1996 ikauzwa tena kwa kampuni ya mabasi Stagecoach kwa milioni 825! Ya pili, Eversholt, milioni 518, mwaka uliofuata 726. Mameneja wachache wakawa mamilionea kwa mali ya umma, na serikali haikuweka kipengele cha kupata mgao ikiuzwa tena mapema. Yule aliyekua anafagia behewa kapata nini hapo?

Halafu kuna LTS Rail, treni za abiria za London kwenda Southend, mameneja walishashinda mkataba, zimebaki siku chache waanze ikagundulika mchezo kwenye tiketi, zinahesabiwa zimeuzwa stesheni nyingine ili mgao wa mapato uegemee kwao. Wakanyang'anywa, ikapewa kampuni nyingine, Prism Rail.

Mwana wa Iyunga:
Asanteni sana aisee, nimeelewa. Sasa kwa huku mnashauri tuongee nini? Wazee wanataka kitu cha kusema kwenye kikao.

Mtoto wa Katumba:
Kaka mpe mzee shikamoo yake. TAZARA ni ya serikali mbili nusu kwa nusu, hata hisa za wafanyakazi lazima Dodoma na Lusaka wakubaliane, kwahiyo msianze na kudai kununua kampuni, mtazunguka tu. Dai la kwanza liwe ajira na treni ya abiria kuandikwa kwenye mkataba, ngapi kwa wiki na stesheni zipi, maana mizigo ndo yenye hela na Mlimba huko wanaitegemea treni. La pili, kama kuna siku hisa zitatolewa zishikwe na umoja, sio mtu mmoja mmoja. Huku Rungwe wakulima wadogo wa chai tuliingia kwenye umiliki wa kiwanda kupitia umoja wetu, na sio rahisi, tunagombana bei kila msimu, lakini mtu akiwa na shida ya ada ya shule hawezi kuuza sehemu yake kimyakimya kwa tajiri. Wale wa Great Western kila mtu alikua na zake, ofa ikija nzuri nani atakataa?

Mhasibu Makambako:
Hapo kwenye umoja nakuunga mkono, na kiwepo kipindi cha kutouza, hata miaka 10. Mwana wa Iyunga ukipata muhtasari wa huo mkataba uweke hapa tuusome kipengele kwa kipengele kabla ya hicho kikao.